Kila Alfajiri Naota Nimechelewa Shule: Je, Nyota Yangu Imefungwa?

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, naishi Dar es Salaam na mume wangu na watoto wetu wawili, na kazi yangu ni uhasibu. Nakuandikia kwa sababu ya ndoto ambayo tangu Januari imekuwa ikinijia mara mbili au tatu kwa juma, karibu kila mara kuelekea alfajiri.

Katika ndoto hiyo mimi ni mtu mzima kama nilivyo sasa, ila nimevaa sare ya shule ya msingi, sketi ya bluu na blauzi nyeupe, na mikononi nimebeba dumu la maji na ufagio wa chelewa. Nasimama kituoni. Daladala zinakuja, makondakta wanaiona sare, wanapiga bati la gari na dereva anaondoka, kama walivyokuwa wakitufanyia zamani kwa kuwa nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Naamua kwenda kwa miguu, lakini miguu imekuwa mizito kana kwamba natembea ndani ya mchanga wa pwani. Kwa mbali nasikia ile rimu ya gari iliyotundikwa mwembeni ikigongwa. Nikifika, lango limefungwa, mwalimu wa zamu amesimama kwa ndani na fimbo yake, na nyuma yake, dirishani, nawaona wenzangu wameinamia karatasi za mtihani wa darasa la saba. Nataka kumwambia kwamba mtihani huo nilikwisha kuufanya, lakini sauti haitoki. Hapo ndipo ninapoamka, moyo ukinienda mbio.

Kinachonishangaza ni kwamba mtihani wa darasa la saba niliufaulu vizuri na nikachaguliwa kwenda sekondari ya serikali. Palipokuwa pagumu ni kidato cha nne, ambako nilipata daraja la nne na sikuendelea na kidato cha tano. Nilianza na astashahada, nikapanda hadi stashahada nikiwa tayari nina mtoto, na mwaka huu, mwanzoni mwa Januari, nimekaimishwa ukuu wa kitengo chetu. Chini yangu wapo vijana wanne, wote wana shahada. Ofisi imenishauri nami nisome shahada, na fomu ya maombi iko kwenye droo yangu tangu Februari, haijajazwa hata jina.

Nyumbani nako mambo ni mengi. Binti yetu mkubwa ameingia darasa la saba, na basi la shule humpitia saa kumi na moja na robo alfajiri, kwa hiyo mimi huamka saa kumi na dakika ishirini kumwandaa. Siku ambazo nimewahi kulala ni saa tano na nusu usiku.

Nilimsimulia wifi yangu, akasema nyota yangu imefungwa. Alinipeleka kwa mtumishi mmoja anayefanya maombezi, naye akaniambia kwamba mtu mzima anayejiona shuleni ameingiliwa na roho ya kurudishwa nyuma, na kwamba inahitajika sadaka ya ukombozi ya shilingi laki tatu. Nimetoa laki moja bila kumwambia mume wangu. Juma lile lile ndoto ilinijia mara nne.

Naomba unisaidie. Ndoto hii ina maana gani? Je, nimalizie zile laki mbili? Na swali ambalo naona aibu kuliandika: je, ni kweli kwamba katika maisha haya mimi nimekwisha kuchelewa?

Mchelewaji, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Naomba nianze na fedha, kwa sababu ndilo jambo lenye haraka kuliko yote uliyoyaeleza: usizitoe hizo laki mbili. Hiyo laki moja uliyokwisha kuitoa mwambie mume wako, jioni moja mkiwa mmetulia, kabla hajaisikia kwa wifi yako. Sisemi haya kwa kuidharau sala, kwani nami ni mtu wa sala. Ila katika Maandiko unayoyasoma, Yusufu alimtafsiria ndoto mnyweshaji wa Farao wakiwa wote gerezani, na alichomwomba ni kwamba amkumbuke atakapotoka, basi. Kitabu cha Mhubiri, sura ya 5 aya ya 3, kinasema waziwazi kwamba ndoto huja kwa sababu ya shughuli nyingi. Jirani zetu Waislamu nao wana mafundisho ya Mtume kwamba ndoto ni za aina tatu: ipo iliyo bishara njema kutoka kwa Mungu, ipo ya kuhuzunisha inayotoka kwa shetani, na ipo ile inayotokana na mambo yanayoishughulisha nafsi ya mtu mwenyewe. Angalia jinsi dini zote mbili zilivyoacha mlango wazi kwa ndoto ambayo si ujumbe wa kutoka nje bali ni shughuli za mwotaji zikirudi usiku. Yako, kwa namna ulivyoieleza, ni ya kundi hilo, na wala huhitaji kulipia maombi kwa ajili yake.

Kuhusu ile tafsiri ya kurudishwa nyuma, najua imeenea sana siku hizi, na ninaelewa kwa nini inaingia akilini kwa urahisi: mtu mzima amevaa sare ya mtoto, basi amerudishwa utotoni. Lakini barua yako yenyewe inaipinga. Mwezi ndoto ilipoanza ndio mwezi uliopandishwa cheo. Kama kuna roho iliyotumwa kukurudisha nyuma, imefika mahali ambapo wewe ulikuwa unakwenda mbele kuliko wakati wowote wa maisha yako.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wewe mwenyewe umeliona na ukalipita haraka. Umesema kwamba ndoto hukupeleka kwenye mtihani wa darasa la saba, ambao ulifaulu, wala haijakupeleka kwenye kidato cha nne, ambako ndiko ulikoumia. Jambo hili lilimshangaza pia daktari wa Vienna aitwaye Sigmund Freud, ambaye kitabu chake juu ya tafsiri ya ndoto kilitoka mwishoni mwa mwaka 1899. Akichukua uchunguzi wa daktari mwenzake, Wilhelm Stekel, aliandika kwamba watu huota wanahangaika na mitihani waliyokwisha kuifaulu, na wala si ile iliyowashinda. Alitoa mfano wa nafsi yake: somo lililomwangusha katika udaktari lilikuwa tiba ya mahakama, yaani uchunguzi wa kitabibu kwa ajili ya kesi, na hakuwahi kuliota, ilhali botania, zoolojia na kemia, ambayo aliyavuka salama, yalimrudia usingizini. Maelezo yake ni kwamba ndoto ya namna hiyo huja pale mtu anapokabiliwa siku inayofuata na jukumu analoliogopa, na kwamba ndani ya hofu yake imefichwa faraja: uliogopa hivi hivi kabla ya mtihani ule, na mwisho wake ulifaulu.

Mengi aliyoyafundisha Freud yamepingwa baadaye, na mimi siyachukui yote. Hata hili sidhani kwamba ni kanuni isiyovunjika, maana wapo watu ninaowafahamu ambao huota mtihani uliowaangusha. Lakini kwako linaingia kama ufunguo kwenye kufuli lake. Kumbuka unachotaka kumwambia mwalimu pale langoni, yale maneno ambayo hayatoki: kwamba mtihani huo ulikwisha kuufanya. Mwanangu, hayo ndiyo maneno ya kweli katika ndoto yote. Umekwisha kuufanya. Ndani yako yumo anayejua hivyo, na kila alfajiri anajaribu kulisema.

Nikueleze pia habari ya wanafunzi wa Paris, kwa sababu nadhani itakupunguzia hofu kwamba ndoto ya kuchelewa ni dalili mbaya. Watafiti wa usingizi waliwahoji vijana waliokuwa wakifanya mtihani mgumu wa kuwania nafasi za udaktari, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Zaidi ya nusu ya waliojibu walikuwa wameuota mtihani huo usiku wa kuamkia siku yenyewe, na nyingi ya ndoto hizo zilikuwa mbaya: wamechelewa kufika, wamesahau majibu. Hata hivyo, waliouota mtihani walipata, kwa wastani, alama nzuri kuliko wasiouota. Hii haina maana kwamba ndoto huleta alama. Inaonyesha tu kwamba akili inayojali jambo hulifanyia mazoezi usiku, na katika mazoezi hayo huanza na yale yanayoweza kuharibika. Mtu aliyefungwa nyota asingekuwa na bidii ya namna hiyo hata usingizini.

Kwa nini basi ije alfajiri, na kwa nini tangu Januari? Hapa nataka tuuangalie mwili kabla ya kuendelea na moyo, kwa kuwa naona wengi tunaruka moja kwa moja kwenye mambo ya rohoni hali mwili unalia. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na mwalimu wake Nathaniel Kleitman walieleza kwamba usingizi una kipindi ambacho macho huchezacheza kwa kasi chini ya kope, na kwamba mtu akiamshwa katika kipindi hicho mara nyingi husema alikuwa akiota. Kipindi hicho hurudi takriban kila baada ya dakika 90, na kadiri kunavyokaribia kucha ndivyo kinavyorefuka. Wakati huo misuli ya mikono na miguu hulegezwa ili tusiinuke tukatenda tunayoyaota, na wapo wanaodhani kwamba ndiyo sababu mtu hujiona anakimbia na miguu haimtii. Ule mchanga wa pwani unaoukanyaga huenda ni miguu yako mwenyewe, imelala kama inavyotakiwa.

Wewe unalala saa tano na nusu na kuamka saa kumi na dakika ishirini. Hizo hazifiki hata saa tano, na mtu mzima anahitaji si chini ya saba. Mlio wa simu unakukuta kabla usingizi haujamaliza kazi yake, unakukatia ndoto katikati, na ndoto iliyokatwa katikati ndiyo ikumbukwayo. Zaidi ya hayo, sauti za nje huweza kuingia ndotoni zikiwa zimevaa sura nyingine. Jaribu kuichunguza ile rimu ya mwembeni: je, haiwezi kuwa ni simu yako inayolia kitandani? Na uangalie unaloamshwa kulifanya. Kila siku ya shule, saa kumi na moja na robo, kuna mtoto aliyevaa sare ambaye asipowahi basi atachelewa, na mwenye jukumu la kumwahisha ni wewe. Mwezi wa Septemba atakaa kwenye mtihani ule ule unaouona dirishani. Mwanangu, katika nyumba yako kweli yupo mtu wa darasa la saba anayeogopewa kuchelewa, ila ndotoni umevaa wewe sare yake.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lingine lolote, gawaneni alfajiri hizo na mume wako. Siku mbili au tatu kwa juma yeye amwandae binti, nawe ulale hadi saa kumi na mbili. Sare na mkoba viandaliwe jioni, na mtoto wa darasa la saba anaweza kabisa kuvipanga mwenyewe. Simu yenye kazi za ofisi iachwe sebuleni kuanzia saa tatu na nusu usiku. Siwezi kukuahidi kwamba ndoto itakoma, lakini ninaamini itapungua, na hata isipopungua utakuwa na nguvu ya kuibeba.

Lakini usingizi peke yake hauelezi kwa nini ni kuchelewa, na hapa ndipo pananigusa zaidi.

Sisi tuliokulia katika lugha hii tumeonywa juu ya kuchelewa tangu tukiwa mgongoni. Tumeambiwa chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, tumeambiwa ngoja ngoja huumiza matumbo, na hata ufagio tuliotumwa kuja nao shuleni unaitwa chelewa. Halafu tukapelekwa mahali ambapo kuchelewa kulikuwa kosa la kwanza kabisa la hadharani. Mtoto wa miaka saba hajui bado kudanganya katika hesabu wala kughushi saini ya mzazi, lakini anaweza kuchelewa, na akichelewa shule nzima iliyoko mstarini inamwona akipigishwa magoti. Nadhani ndiyo maana, miaka 30 baadaye, akili ikitafuta picha ya kuonyesha kwamba hutoshi, haina haja ya kutunga mpya. Inaichukua ile.

Nami nina deni la kulikiri hapa. Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka 31, na zamu yangu ilipofika nilisimama langoni na fimbo kama huyo unayemwota. Kanuni za mwaka 1979 zilitaka viboko viwe kwa makosa mazito, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyepewa naye idhini kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Kuchelewa kwa sababu konda amekukataa hakukuwa kosa zito, na sisi tulijua, lakini asubuhi zilikuwa fupi na watoto walikuwa wengi, tukachapa bila kuuliza. Wengi wa waliochelewa walikuwa wasichana waliotangulia kuchota maji na kuwavisha wadogo zao nguo. Sikuwauliza. Nimelifikiria hilo sana tangu barua yako ifike.

Sasa hiyo picha ya zamani inasema nini leo? Umejibu mwenyewe, katika lile swali la aibu. Umekaimishwa kitengo chenye vijana wanne wenye shahada, na wewe hujaipata. Kila asubuhi unaingia katika chumba ambacho unaona wenzako walikwisha kukaa na kuanza kuandika, nawe ndiyo kwanza unafika langoni na dumu lako la maji. Dumu hilo na ufagio ule si vya bure: ni astashahada uliyoisoma ukiwa kazini, ni stashahada uliyoisoma ukinyonyesha, ni kazi za nyumbani ulizozibeba wakati wengine wanasoma. Ofisi inajua yote hayo na imekuchagua ikijua unachokijua. Lango ambalo ndotoni limefungwa, ofisini limefunguliwa na waliolifungua ni wakuu wako.

Unaniuliza kama umechelewa. Kama kuchelewa ni kufika baada ya wengine, ndiyo, umefika baada yao, na sina haja ya kukupamba kwa uongo. Lakini wazee wetu walikuwa pia na usemi mfupi ambao hausemwi sana siku hizi: kawia ufike. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianza kufundisha mwaka 1994 kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na familia ili wakasome, na darasa lake halina mwembe wala rimu ya gari. Mwenye stashahada na uzoefu kama wako haanzii chini. Ukianza mwaka huu, utamaliza ukiwa na miaka 44 au 45, na miaka hiyo utaifikia hata usiposoma. Siku mbili au tatu baada ya kuisoma barua hii, itoe fomu hiyo kwenye droo na uandike jina lako tu. Siku nyingine uandike tarehe ya kuzaliwa. Kama baada ya kutafakari utaona hutaki shahada, nalo ni jibu halali, na ofisi iambiwe hivyo. Kinachokuchosha ni hilo droo lisilosema ndiyo wala hapana.

Lipo pia zoezi ambalo wataalamu wa usingizi huwafundisha watu wenye ndoto mbaya zinazojirudia, na halina gharama yoyote. Mchana, ukiwa macho na umetulia, andika ndoto yako kama ilivyo, kisha ibadilishe mahali popote unapotaka, hasa mwisho wake, na uipitie ile mpya akilini kwa dakika 10 au 20 kila siku, kwa majuma kadhaa. Fanya hivyo kwa uzito ule ule ambao ungeupa kazi ya ofisi. Na kama ndoto zitafika kiwango cha kukufanya uogope kulala, au zikaanza kurudisha tukio la kutisha lililokupata kweli, au mchana ukaanza kukata tamaa ya kuishi, usibaki na barua yangu: nenda kwenye kliniki ya afya ya akili, ambazo zipo Muhimbili, na huko mikoani katika hospitali za rufaa.

Umeniambia sauti haitoki pale langoni. Katika ndoto utakayoiandika, mwache yule mwenye sare aweke chini dumu lake, apumzishe mkono, aseme: Shikamoo mwalimu, mtihani huu nilikwisha kuufanya, nimekuja kumchukua binti yangu. Halafu mpe mwalimu jibu lake. Kama utakosa la kumpa, basi tumia langu, ambalo sikulitoa nilipopaswa kulitoa: Marahaba, mwanangu, pole na njia, ingia.

Mama Mshauri